Udi umemkimbiza mume wangu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mume wangu ni dereva wa lori, na akirudi safari mgongo huwa umekaza kama ubao. Niliona hotelini wageni wakikandwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, harufu nzuri na sauti ya mawimbi, nikajaribu nyumbani: udi, mishumaa ya waridi, mafuta ya karafuu, taarabu kwenye simu. Hata dakika 10 hazikufika, akatoka anakohoa na ngozi inamwasha. Nimekosea wapi?
Mama Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nia yako njema, ila umezidisha. Mtu katoka barabarani masikio bado yanavuma injini, nawe umemvamia kwa vitu vinne pamoja.

Udi uchome mapema, akiwa bafuni, kisha toa chetezo nje na ufungue dirisha. Tunataka harufu iliyobaki kwenye shuka, si moshi. Kama ana pumu usichome kabisa. Asumini mbichi kwenye kisahani zinatosha.

Kilichomwasha nadhani ni karafuu. Mafuta yake ni makali, hayapakwi matupu: matone mawili kwenye kikombe cha mafuta ya nazi, basi. Miezi ya kusi mafuta ya nazi huganda, kwa hiyo chovya chupa kwenye maji ya moto, ujaribu kwanza mkononi mwako. Usimmiminie mgongoni. Mimina kiganjani, sugua viganja, laza mikono yote miwili kiunoni mwake, utulie. Nina miaka 26 nakanda watu hapa Unguja, na bado husubiri hapo mpaka nisikie pumzi zimeshuka. Ndipo panda taratibu hadi mabegani, pembeni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa.

Taarabu naipenda mno, lakini maneno yake humfanya mtu asikilize. Labda feni inamtosha. Muulize! Waholanzi waliobuni vyumba vya kutuliza watu wenye ulemavu wa akili miaka ya 1970 waliviita Snoezelen, jina lililounganisha kunusa na kusinzia, na humo mwenyewe ndiye huchagua kinachompendeza.

Na hili nakusihi, kwa kuwa mumeo hukaa kitini saa nyingi: ukiona shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, usiliguse kwa kukanda. Huenda damu imeganda ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.