Jibu: Mwanasaikolojia anatafiti nini kwa wanachuo maisha yote?

Mkuu, umeuliza mwanasaikolojia anamalizaje miaka yake ya kazi kwa wanachuo, wakati hao ni watu wazima tayari. Mtazame William Perry, mwanasaikolojia wa elimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kuanzia miaka ya 1950, yeye na wenzake waliwahoji wanafunzi kila mwisho wa mwaka wa masomo, tangu wanaingia hadi wanahitimu. Swali lilikuwa pana tu: mwaka huu kipi kimekugusa zaidi? Kisha wakawaacha waongee.

Wapo walioingia wakiamini kila swali lina jibu moja, mwalimu analo, kazi yao ni kunakili. Wakikutana na maprofesa wanaopingana, wanageuka: basi kila mtu na maoni yake, yote sawa. Wengine hukwama hapohapo (hata mitandaoni tunawaona). Wanaovuka hujifunza kupima hoja kwa ushahidi, halafu inakuja sehemu ngumu: kuchagua msimamo na kuubeba, huku ukijua unaweza kuwa umekosea. Perry aliipanga safari hiyo katika hatua 9, na kitabu chake kikatoka 1970.

Udhaifu upo. Wengi wa aliowahoji walikuwa wanaume wa chuo kimoja cha kifahari. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mary Belenky na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake, na picha ikawa tofauti kiasi.

Kama unaitaka kazi hii, anza na kozi ya mbinu za mahojiano. Usiogope kama hukusoma saikolojia mwanzoni. Perry mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya fasihi: alishiriki kutafsiri Iliad, shairi refu la kale la Kigiriki la Homer.