Jibu: Kwa nini akseleromita husoma 1 g ndege ikiwa imeegeshwa

Ndugu, umeuliza mbona ndege imetulia chini lakini akseleromita yake (kifaa cha kupima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika) inaonyesha 1 g, yaani sawa na mvutano wa dunia. Haijaharibika. Ndani yake mna kitonge kidogo kilichoshikwa na springi, na kinachopimwa ni nguvu ya springi hiyo kukibeba. Ardhi inaibeba ndege, springi inakibeba kitonge: ndiyo hiyo 1 g, takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Ikianguka huru ingesoma sifuri! Ndege ikikata kona huku imeinama upande kwa digrii 60 bila kupoteza kimo, husoma 2 g.

Kwenye urambazaji, kompyuta huondoa kwanza mvutano wa dunia, kisha hujumlisha mchapuko kupata kasi, na kasi kupata umbali. Hapo ndipo penye kazi: akseleromita ikiwa na kosa dogo la kudumu, katika dakika za mwanzo, muda ukiongezeka maradufu kosa la umbali huwa mara nne. Kwa hiyo husahihishwa kwa GPS.