P1457 kwenye Honda Accord ya zamani: gawa mfumo wa mvuke kabla ya kununua kipuri

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: Accord ya 2001 iliyouzwa Marekani, taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma misimbo inaonyesha msimbo wa kosa P1457, umebadilisha kifuniko cha tangi na taa imerudi, na sasa gereji inataka iweke kanista nzima, yaani kopo la mkaa linaloshika mvuke wa petroli. Ukaguzi wa gesi chafu wa jimbo uko karibu. Usilipie kanista bado. Kwenye Accord za 1998 hadi 2002, Honda iligawa uvujaji wa mvuke wa petroli katika misimbo miwili. P1456 ni upande wa tangi: kifuniko, shingo ya kujazia, tangi lenyewe na mipira yake. P1457 ni upande wa kanista: kanista, vali zilizofungwa juu yake, na bomba linalokwenda mbele hadi injini. Kifuniko hakimo kwenye upande wa P1457, ndiyo maana kukibadilisha hakukusaidia kitu.

Mvuke unaopanda kutoka kwenye petroli tangini huenda kwenye kanista iliyojaa chembe za mkaa, na mkaa unaushika. Injini ikishapata moto, kompyuta hufungua vali ya kufyonza iliyoko mbele, mvuto wa injini unavuta hewa safi kupitia kanista, mvuke unaachiwa na kuchomwa. Hewa hiyo safi huingia kupitia vali ya kupumulia iliyoko kwenye kanista, chini ya gari. Vali hii ikiwa haina umeme huwa wazi. Ikipewa volti 12 hufunga. Wakati wa kujipima, kompyuta huifunga, huvuta vakyumu kidogo (shinikizo la chini kuliko hewa ya nje), kisha husoma sensa ya shinikizo ya tangi kuona kama vakyumu inadumu. Kwa kompyuta, vali isiyofunga vizuri na mpira uliopasuka ni kitu kimoja: hewa inaingia, msimbo unaandikwa.

Na tundu linalotafutwa ni dogo kweli. Sheria ya Marekani kwa magari ya 1996 ilitaka mfumo ugundue tundu la inchi 0.040, yaani milimita 1. Kuanzia modeli za 2000 California ikaanza kudai, kwa awamu, tundu la inchi 0.020, nusu milimita. Huwezi kulisikia wala kulinusa. Ukisubiri harufu ya petroli ndipo uanze kutafuta, utasubiri sana.

Kwenye Accord hizi mtuhumiwa wa kwanza ni ile vali ya kupumulia. Imewekwa chini, inapigwa na maji, matope na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachosukuma mpira kwenye kiti chake. Kutu ikiingia, magamba yanakaa kati ya mpira na kiti, au kipande kinakwama nusu njia. Ubaya ni kwamba inaweza kufunga vizuri mara tisa na ya kumi ikashindwa, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea: wanaipima mara moja, inafunga, wanahamia kwenye kanista.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya bei. Tafuta pampu ya vakyumu ya mkono, kiungo cha njia tatu, mpira wa plastiki unaoonyesha ndani wenye urefu wa mita moja na nusu, vizibo vya mpira vya ukubwa tofauti, na waya wenye fyuzi. Geji ya pampu ya mkono usiiamini kwa kazi hii, kwa sababu shinikizo la mfumo huu ni dogo mno na mshale hautasogea vya kutosha. Badala yake kunja ule mpira wa plastiki uwe umbo la U, uufunge kwenye ubao ukiwa wima, tia maji yenye rangi hadi nusu ya kila mkono. Mkono mmoja uache wazi, mwingine uunge kwenye mfumo. Tofauti ya sentimita 10 kati ya vimo viwili vya maji ni karibu kilopaskali 1. Hesabu tofauti ya vimo vyote viwili, usipime mkono mmoja tu, la sivyo utasoma nusu. Kwa bei ya mpira tu, kipimo hiki kinaona uvujaji ambao geji ya kawaida haioni.

Fanya kazi gari likiwa limelala usiku kucha, kivulini, injini baridi, mahali penye hewa. Chomoa mpira wa mvuke kwenye vali ya kufyonza, ule unaotoka nyuma, na hapo unga pampu na kipimo cha maji. Chini ya gari, chomoa mpira unaotoka tangini kuingia kwenye vali ya njia mbili ya kanista, ile inayopitisha mvuke pande zote mbili kulingana na shinikizo. Ziba tundu la vali, na mpira wa tangini nao uzibe ili mvuke usijae chini ya gari. Usiruke hatua hii. Ukivuta vakyumu bila kuitenga tangi, vali ya njia mbili inaweza kufunguka ikapitisha mvuke wa tangini, nawe utadhani ni uvujaji.

Sasa ipe vali ya kupumulia umeme. Klipu za upande wa vali ziunge kwanza, za betri mwisho, kusudi cheche yoyote itokee mbele mbali na mvuke. Usikie mlio wa "tak". Vuta taratibu hadi maji yatofautiane sentimita 25, funga njia ya pampu, tazama. Usivute zaidi, maji yataingia kwenye bomba. Na usiiache na umeme muda mrefu, koili inapata moto.

Tofauti ya maji ikipungua, usikimbilie kusema ni tundu. Mkaa uliojaa mvuke huuachia ukivutwa, na mvuke huo huongeza shinikizo ndani. Vuta mara tatu mfululizo. Kama kila mara maji yanashuka taratibu kuliko mara iliyopita na kisha yanatulia, huo ni mkaa. Tundu halibadiliki: kila ukivuta linashusha kwa mwendo uleule wa mara iliyopita, mpaka sifuri.

Ukithibitisha kuna tundu, punguza mfumo kipande kwa kipande. Ondoa vali ya kupumulia, ziba mahali pake kwa kizibo. Vakyumu ikishika, umempata mtuhumiwa, kama haishiki, ziba tundu la kanista linalokwenda mbele, kisha pima kanista peke yake na bomba peke yake. Bomba la chuma hulika kutu hasa kwenye vishikio, pale matope yanapokaa, na mipira huchanika kwenye sentimita mbili za mwisho, chini ya klipu. Kata kipande hicho kama urefu unaruhusu, au weka mpira ulioandikwa kuwa ni wa petroli. Mpira wa maji utaoza.

Vakyumu ikishika vizuri mara ya kwanza, rudia kipimo kwa kuizima na kuiwasha vali mara kumi au zaidi, ukivuta kila mara. Ikishindwa hata mara moja, ni mbovu. Ikishika zote, angalia plagi ya waya wake: pini zenye rangi ya kijani hupitisha umeme usiotosha, na vali hailali sawasawa kwenye kiti.

Vali ya kufyonza ipime pia, ni dakika mbili. Bila umeme inatakiwa iwe imefunga. Unga pampu ya mkono moja kwa moja, vuta, ishike. Kisha gonga mpira unaotoka nyuma juu ya karatasi nyeupe. Ukiona chembe nyeusi, kanista imepasuka ndani na mkaa unasafiri. Hapo ndipo gereji yako ingekuwa na haki. Lakini hata hivyo kuweka kanista mpya peke yake hakutoshi: bomba lote lipulizwe likiwa limechomolewa pande zote mbili, na vali ya kufyonza ibadilishwe, kwa kuwa chembe moja tu inatosha kuizuia isifunge. Kinachoua kanista mara nyingi ni tabia ya kuendelea kujaza baada ya bomba la kituo kujikata. Petroli yenyewe, si mvuke, inaingia kwenye mkaa.

Kuhusu kuitoa vali ya kupumulia: boliti zake hukatika. Zipulize dawa ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi, na uzungushe mbele na nyuma kidogo kidogo. Moto wa gesi hapo ni marufuku kabisa, uko karibu na tangi. Wapo wanaoifungua vali, wanasugua kutu kwa msasa laini na kuirudisha. Inaweza kufanya kazi kwa muda, lakini kama unaishi mikoa ya theluji sioni faida yake, maana chuma kilichokwisha pata kutu kitapata tena. Nunua mpya, na oringi mpya (pete ya mpira inayoziba kiungo), uipake oringi mafuta kidogo ya injini kabla ya kuisukuma ndani. Oringi ikaingia kavu ikajikunja, umetengeneza tundu jipya.

Mashine ya moshi ni nzuri na fundi akiwa nayo atakuokolea muda, lakini muulize anatumia shinikizo gani. Nusu psi, karibu kilopaskali 3.5, inatosha. Ukiona mtu anataka kuunga kompresa ya kujazia matairi kwenye mfumo huu, ondoa gari lako. Zile mashine za moshi za kutengeneza nyumbani, zenye waya wa moto ndani ya kopo na hewa ya kawaida, msizipeleke kwenye tangi kabisa. Hewa pamoja na mvuke wa petroli na waya mwekundu ni mlipuko. Mashine zinazofaa kwa tangi huweza kusukuma moshi kwa naitrojeni, nako kuna sababu. Moshi pia haukuonyeshi vali inayoshindwa mara moja moja, kwa hiyo kile kipimo cha maji bado kina kazi.

Kwa mwenye P1456, njia ni ileile ila unaziba upande wa kanista na kupima tangi. Anza na mdomo wa shingo ya kujazia: futa kwa kitambaa, tazama kama ukingo una vishimo vya kutu, kisha fungua plastiki iliyo ndani ya tairi la nyuma uone shingo yenyewe. Tangi liwe nusu. Likiwa karibu tupu, nafasi ya hewa ni kubwa, na tundu lilelile hushusha maji polepole hata ukadhani pazima.

Walio Kenya na Tanzania wenye magari yaliyojengwa kwa soko la Japan: mengi yana kanista na vali ya kufyonza, lakini kompyuta yake haijipimi uvujaji, kwa hiyo taa haitawaka. Dalili zenu ni harufu ya petroli gari likiwa limeegeshwa, au injini kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta. Hiyo ya pili mara nyingi ni vali ya kufyonza iliyokwama wazi.

Ukimaliza, usifute msimbo siku moja kabla ya ukaguzi. Ukifuta, vipimo vyote vya kompyuta vinarudi kuwa havijakamilika, na cha mvuke ndicho kigumu kukamilika: gari lilale baridi, joto la maji na la hewa vikaribiane, tangi liwe kati ya robo na robo tatu, kisha uendeshe bila kusimama simama. California, kwa gari la petroli la 2000 au jipya zaidi, kipimo cha mvuke pekee ndicho kinachoruhusiwa kuwa hakijakamilika. Majimbo mengi mengine yanakubali kipimo kimoja chochote kwa magari ya 2001 na kuendelea. Soma kwa mashine yako mwenyewe: vingine vyote vikiwa tayari na taa imezimika, unaweza kwenda. Msimbo huu huhitaji safari mbili zenye kosa ndipo taa iwake, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza iliyokamilika angalia pia misimbo inayosubiri, yaani iliyoandikwa lakini haijawasha taa. P1457 ikiwa imekaa humo, rudi kwenye plagi ya vali na oringi kabla ya kugusa kitu kingine.