Wadogo zangu wa mzunguko, viti vyetu vya bei ya chini, nisikilizeni kabla wiki haijaanza

Ratiba imetoka na nimewaona mlivyochangamka. Jumatano Azam wako nyumbani Chamazi, Alhamisi akina dada wanacheza Isamuhyo, Jumamosi kwa Mkapa, halafu Jumapili wenye miguu ya chuma wanamalizia na ndondo, mpira wa mtaani, pale Kinesi. Safi kabisa. Mimi nakwenda zote nne, mama watoto ameshanuna na yamekwisha. Ila niliyoyaona getini mechi iliyopita yamenishinda. Kijana mzima, jezi mpya, uso kaupaka rangi mpaka masikioni, anampigia dada yake simu amtumie elfu tano ya kujaza kadi, na ndani timu zinapeana mikono. Mwenzake anabishana na askari kuhusu chupa ya maji. Wa tatu, huyo hata simsemi, kaja na begi la laptop.

Mmejiunga na tawi letu la mashabiki wa Yanga juzi na hamuulizi. Mnadhani kwenda uwanjani ni kama kibanda umiza, unalipa mia tano, unavua kandambili, unakaa. Basi ngoja niseme, mkinuna mtanunua soda mtulie.

1. N-Card, ile kadi ya kulipia kiingilio, jaza usiku wa kuamkia mechi. Si asubuhi, si ndani ya daladala, na wala si kwenye foleni ya geti ambako watu elfu wanajaza kwa pamoja na mtandao umelala. Na kama ni kadi hiyohiyo unayovukia Kigamboni, angalia salio, kivuko nacho kinakula. Kuna mmoja wetu hapa tawini, jina namhifadhia, alikata tiketi mapema kuliko sisi wote, akatutambia siku mbili nzima kwenye grupu, siku ya siku kadi ikabaki kwenye suruali aliyoifua. Alisikiliza mechi nzima ameegemea ukuta wa Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, ujumbe wa malipo uko kwenye simu, anamwonyesha kila anayepita. Sasa hivi kadi anaivaa shingoni kwa kamba, hata akienda msibani.

2. Nauli ya kurudi iwe mbali na hela nyingine. Kula kabla, kwa mama ntilie wa nje, maana ukiwa ndani na njaa utanunua chochote kwa bei yoyote. Chamazi mechi ya saa 1 usiku ikiisha, bodaboda wa pale wanajua kabisa kwamba hadi Rangi Tatu hutembei, kwa hiyo patana na mmoja wakati wa kwenda, chukua namba yake, mwambie akusubiri. Mchana kofia. Ndiyo, hata wewe uliyetengeneza nywele.

3. Usitoke kabla ya filimbi ya mwisho. Hapa nitakwenda taratibu, maana nina deni.

Tarehe 20 Oktoba 2013. Uwanja tulikuwa bado tunauita Taifa, jina la Mzee Mkapa lilikuja 2020. Mjomba wangu wa Morogoro, Simba wa kuzaliwa nayo, alipanda basi la alfajiri aje kuangalia watani. Mimi ni Yanga, nimefuata upande wa baba. Tukakubaliana tukae pamoja, mimi na jezi yangu ya njano, yeye fulana nyekundu kaificha chini ya shati la mikono mirefu, utafikiri anakwenda kusaini hati ya kiwanja.

Ngassa wetu wa Yanga akafunga. Kiiza akafunga. Kabla ya mapumziko Kiiza akarudi tena. Tatu bila. Mjomba alikuwa na gazeti, akalikunja, akalikunja tena, akalikunja mpaka likawa dogo kama kipande cha sabuni, akalitia mfukoni. Hakusema neno.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Kichwani nilikuwa na mambo mawili tu: foleni ya Mandela, na kijiwe chetu cha Tabata ambako nilitaka nifike wa kwanza nikiwa na sauti yangu yote. Nikamwambia, "Mjomba, twende zetu. Huu mpira umekwisha, tusije tukakwama barabarani."

Akaniuliza, "Una hakika?"

"Mjomba, tatu bila! Warudishe kwa Simba ipi?"

Akanyanyuka. Mtu mzima, kalipa nauli yake, kalipa kiingilio chake, kanyanyuka kwa sababu mpwa wake kasema. Tulipishana na watu wanarudi vitini na karanga zao kwenye karatasi. Mmoja alituangalia akasema, "Wazee, mnakwenda wapi?" Nikacheka.

Daladala ilikuwa karibu tupu, na hilo nalo nililiona ni akili nyingi. Konda kafungulia redio. Hatujafika Tazara, mtangazaji akapaliwa: Mombeki. Mjomba akageuza shingo kidogo tu. Nikamwambia ni la kufutia machozi. Haukupita muda, Owino. Konda akapiga bati kwa viganja vyote viwili, kumbe naye Simba. Mjomba akanigeukia, akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio sijausahau mpaka leo, "Mjomba, tukishuka hapa hatuwezi kurudi?"

Nikamwambia tiketi zimeshachanwa, hawatatuingiza.

Tukashuka Buguruni, tukasimama kwa muuza mihogo mwenye redio ya betri. Pale, mbele ya karai la mafuta, ndipo Kaze aliposawazisha. Tatu tatu. Watu wasiomjua wakamrukia mjomba, maana shati lilikuwa limefunguka vifungo na nyekundu inaonekana. Anakumbatiwa huku, anakumbatiwa kule, na kila akikumbatiwa ananiangalia mimi kupitia bega la mtu. Hakunigombeza. Aliagiza mihogo, akalipa yeye, nikamsindikiza Ubungo kupanda basi la jioni.

Yaliyotokea humo ndani ya basi aliyasimulia mwenyewe baadaye, kwenye harusi ya dada yangu, kashika kipaza sauti. Basi zima lilikuwa la watu wa Moro wanatoka Taifa, kila mmoja anasimulia. Naye akasema alikuwepo. Wakamuuliza, bao la Kaze uliliona lilivyoingia? Akawaambia hakuliona vizuri, kuna mtu alisimama mbele yake.

Ukumbi ulicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Simba wamewahi kutufunga tano bila, Mei 2012, na niliinywa ile. Lakini tatu tatu, ambayo kwenye vitabu ni sare, ndiyo inayoniamsha usiku, na wala si kwa ajili ya Yanga. Kwa hiyo nikikuona dakika ya 75 unatafuta ufunguo wa pikipiki, nitakuvuta shati mbele ya mchumba wako. Waliosamehewa ni makolo, yaani watu wa Simba, wa tarehe 5 Novemba 2023, ubao ukisomeka tano moja. Wale niliwapisha njia mwenyewe, tena nikawashika mkono kwenye ngazi.

4. Ratiba ya Bodi ya Ligi si msahafu. Mnaotoka mikoani hasa. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya watani ilikuwa saa 11 jioni, ikasogezwa saa 1 usiku siku hiyohiyo, Yanga wakaja kwa saa yao ya kwanza na wakaondoka, mechi haikuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa tena siku yenyewe, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Kuna watu walitoka Mwanza na Mbeya. Kwa hiyo mgeni wako akikwambia anakuja na basi, mwambie abebe na nguo ya kubadili, na wewe uwe na godoro. Nasema godoro, si mkeka wa sebuleni.

5. Fika mapema na usisukume. Hapa sitanii. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger, kulikuwa na msongamano pale Mkapa, watu wakakanyagana na mwenzetu mmoja akapoteza maisha. Ukiona geti lina presha, rudi nyuma, kaa chini ya mti, ingia dakika ya ishirini. Mwenye mtoto asije geti la mzunguko saa ya mwisho, hata kama mtoto analia.

6. Jezi. Vaa yako, kaa kwenu. Ukijikuta katikati ya watani, shangilia moyoni, kimya kimya. Utani ruhusa, mzazi wa mtu usimguse. Mechi za CAF, zile za vilabu vya Afrika, ndizo zinazowachanganya wageni, maana mtaona watu wa upande wa pili wamenunua jezi za Waarabu na wanaimba nyimbo ambazo hawajui hata neno moja. Msishangae na msipigane nao. Ni majirani zetu, kesho wanatuuzia mkaa. Na sisi zamu yetu ikifika tunafanya vilevile, nina jezi kabatini za timu nisizoweza kutamka.

7. Msizidharau mechi ndogo. Najua mtaikimbia ya Alhamisi, mtasema mko kazini. Isamuhyo, JKT Queens wakicheza, unakaa karibu na mstari kiasi kwamba unasikia njumu zinavyokwaruza, unamsikia kipa anavyowapanga mabeki wake kwa majina na kuwatukana kwa adabu, namba sita anaomba mpira kwa mkono wa kushoto chini ya kiuno ili mpinzani asione. Kwa Mkapa hayo huyaoni, pale unaona wengine wanachoona na unapiga kelele wanapopiga. Mimi kujua kuotea nilijifunza kwenye viwanja hivi, kwa kusimama sambamba na mshika kibendera na kutembea naye kipindi kizima mpaka akaniuliza kama nina shida naye. Kinesi vilevile, tofauti ni vumbi, na kwamba ndondo shabiki anaweza kuingia uwanjani kumpa mfungaji noti. Wewe usiingie. Huna hizo noti.

8. Ukiandika mkeka wa kubeti, usiibetie timu yako. Basi.

9. Sauti mnaimaliza Jumatano na Jumamosi mnakuja kutuonyesha midomo inavyochezacheza. Tangawizi, chumvi, maji ya uvuguvugu. Vuvuzela sitaki kuiona karibu na sikio langu la kulia.

Jumamosi gari linaondoka tawini saa 6 mchana, dereva hasubiri mtu, na aliyeacha kadi nyumbani arudi kuichukua kwa nauli yake. Mjomba anakuja kutoka Moro na ameshasema anataka kiti cha dirishani. Mkae naye vizuri. Akiwauliza mpira unaishaga saa ngapi, mwacheni, hamuulizi nyinyi.