Mwalimu Mwenzangu, Usianze na Hadithi ya Mtumbwi

Mimi ni mtu wa Tanga ninayefundisha hisabati na jiografia katika kisiwa cha Oʻahu, Hawaii. Walimu kadhaa, wa hapa na wa nyumbani, wameniuliza namna ninavyouingiza usafiri wa jadi wa baharini wa Wapolinesia, wenyeji wa visiwa vya Pasifiki kama Hawaii na Tahiti, katika masomo hayo, na ushauri wangu wa kwanza huwashangaza: hadithi ya chombo cha Hōkūleʻa iwekeni kando kwanza. Ni tamu mno. Mwaka 1976 chombo hicho, kilichoundwa kwa mitumbwi miwili iliyounganishwa sambamba, kilikwenda kutoka Hawaii hadi Tahiti, safari ya takriban kilomita 4,000, kikiongozwa bila dira na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, na maelfu ya watu wakakipokea Papeete. Mtoto akishaisikia hubaki kumstaajabia shujaa, wala haulizi tena shujaa huyo alijuaje alipo.

Anza na mkono. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10 za anga, kwa hiyo wapeleke wanafunzi uwanjani mchana, uwaambie wapandishe ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa macho hadi utosini. Zinapaswa kutimia tisa. Atakayepata saba, mtazame kiwiko, kwa kuwa anayekikunja huisogeza ngumi karibu na jicho na kuikuza. Kama hakukikunja, basi ameacha kuhesabu kabla ya kufika utosini, jambo ambalo hata watu wazima hulifanya. Mwenye mkono mfupi kwa kawaida ana ngumi ndogo pia, hivyo kipimo hakimwonei mtu. Usiku, nyumbani, wapime nyota ya kaskazini, Hōkūpaʻa, ambayo Honolulu huonekana kwenye nyuzi 21 hivi, yaani ngumi mbili na ushei, na kimo hicho ndicho latitudo ya mahali waliposimama. Kwetu Tanga, kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani kabisa. Wanafunzi wangu hawaniamini mpaka wachore tufe wenyewe.

Kisha panga mawe 32 kwa mduara uwanjani, mtoto mmoja akae katikati awe ndiye chombo. Hizi ndizo nyumba, yaani sehemu za upeo wa macho ambako nyota huchomoza na kutua, za dira ya nyota ya Kihawaii, dira ya kichwani aliyoiandaa nahodha Mhawaii Nainoa Thompson, kila nyumba ikiwa na nyuzi 11.25. Hapa usiharakishe, kwa kuwa hesabu nzuri iko hapa. Nyota inayochomoza katika nyumba ya Manu upande wa Koʻolau, kaskazini mashariki, hutua katika Manu ya Hoʻolua, kaskazini magharibi. Lakini wimbi linalotoka katika Manu hiyo hiyo ya Koʻolau hupita chini ya chombo na kutokea Manu ya Kona, kusini magharibi. Hizo ni aina mbili za ulinganifu, ule wa kioo na ule wa nusu mzunguko, nami sijaona kitabu kinachozieleza vizuri kuliko mtoto aliyekaa kati ya mawe akigeuza shingo. Ila usiichanganye dira hii na ile ya Satawal, ambayo hufuata mahali nyota zenyewe zinapochomoza na haina nafasi zilizo sawa.

Kuhusu mwendo, chora kwa chaki mstari wa mita 19 ukumbini, ambao ni takriban urefu wa Hōkūleʻa. Mmoja atembee akiwa povu linalotoka omo kwenda tezi, wengine wahesabu sekunde kwa mdomo, bila saa. Sekunde sita ni kama kilomita 11 kwa saa. Usiwaruhusu kuandika chochote: nahodha wa aina hii hubeba kichwani mwelekeo, mwendo na muda tangu alipoondoka, na akisahau hana pa kurejea.

Kuhusu kuitafuta nchi kavu, habari za ndege wa noio, wanaorudi huko jioni, na za visiwa vya Tuamotu vilivyotandazwa njiani kabla ya Tahiti, ambako mwaka 1976 ardhi ya kwanza kuonekana ilikuwa Mataiva, somo moja latosha.

Sasa simulia safari, na simulia pia kwa nini mtu wa Satawal alilazimika kuitwa: Hawaii haikuwa tena na mtu aliyeujua ujuzi huo, mpaka Thompson alipokwenda Tahiti na kurudi mwaka 1980. Kwa somo hilo mwalimu mgeni kama mimi apishe, amwalike mwenyeji aliyewahi kusafiri na vyombo hivi, amweleze mapema wanafunzi wamefika wapi, na yeye akae nyuma. Wakati huo wanafunzi watauliza usiku wa mawingu walifanyaje, nani alilala na nani alishika kasia la usukani, na ni nyumba gani ya mawe yao iliyokuwa mbele ya omo.