Tazama mkono wa chini

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ni ujuzi gani umeuiba kwa macho, bila kufundishwa?" Wangu ni mizunguko ya salsa, dansi ya watu wawili wawili, na mwanzoni niliiba vibaya.

Darasani nilipata hatua za mwanzo tu: moja mbili tatu, tano sita saba, nne na nane unatulia. Mwezi wa pili ada ikanishinda. Nikabaki kwenda usiku wa kucheza huria, nanunua soda moja, nakaa karibu na spika namtazama jamaa mmoja ambaye hapa nitamwita Fundi.

Miezi miwili nzima nilitazama miguu yake. Kazi bure, miguu ya Fundi ilikuwa inafanya kile kile ninachofanya mimi.

Kosa lililofuata lilimuumiza mtu. Kuna mzunguko ambao unamshika dada mikono yote miwili, unainua wako wa kushoto, anazunguka kulia chini yake, na akimaliza mkono wake wa kushoto umelala mgongoni kwake, kama mgambo aliyeamriwa mguu pande. Niliutazama wiki tatu, nikaona nimeuweza. Katikati ya wimbo dada akasimama. "Kaka, huo mkono bado nauhitaji."

Nikarudi kwenye spika na aibu yangu. Safari hii nikauacha mkono wa juu, ule unaovutia macho, nikatazama wa chini. Kumbe Fundi hakuwa ameshika kitu! Vidole viwili vimekunjwa kama ndoano, usawa wa kiuno, na vya dada vimening'inia juu yake. Dada akizunguka, vidole vinateleza ndani ya vidole. Mimi nilikuwa nimekamata kama bomba la daladala. Halafu mkono wa juu: wake unaanza kupanda kwenye tatu, kwenye nne umeshafika, dada anaingia tano akijua aendako. Wangu ulikuwa unaamka kwenye tano.

Sasa hivi sikai tena mbele ya mtu ninayemwiba. Ukimtazama kwa mbele, kushoto kwake ni kulia kwako, na ukifika nyumbani umechanganyikiwa. Nasimama nyuma yake, au ubavuni. Na kwa usiku mmoja natafuta kipande kimoja tu: hiyo mikono imeshikanaje kabla mzunguko haujaanza? Kulia kwa kulia? Imepishana? Ukishajua mikono ilianzaje na imeishia wapi, katikati utajaza mwenyewe.

Lakini kuna kitu macho hayakioni kabisa. Hiki nilipewa na dada mmoja aliyetoka kucheza na Fundi. Nilimwomba wimbo, nikamuuliza anajuaje kwamba anazungushwa kulia. Akasema: "Kwenye tatu kiganja chake kinanipeleka kushoto kidogo sana. Basi najua narudi kulia." Kutoka kwenye spika usingeona hata ukodoe. Tangu siku hiyo nawauliza wanaozungushwa kuliko ninavyomtazama anayezungusha.

Usiku mmoja nilimhesabia Fundi. Mizunguko ya aina saba, basi, usiku mzima. Anachobadilisha ni mahali pa kuiweka: tarumbeta zikiingia, anazungusha; mwimbaji akianza, anamwacha dada acheze.

Nilimwonyesha mzee wangu video. Kijana wa dansi la zamani huyo, akasema muziki huu ni wa kwetu. Hakukosea sana: salsa ina mizizi Kuba, na sahani za santuri za Kuba zilianza kufika Kongo miaka ya 1930, zikachangia kuzaa rumba ya Kongo ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Ila mikono hakuipenda. "Sisi tulikuwa tunamshika mtu. Nyie mnamkamua kama dekio."

Yule dada niliyemuumiza mkono nilimwomba tena mwezi jana. Alinipa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka kiunoni kwake mpaka wimbo wa pili.

Msomaji wenu, Kinondoni, Dar es Salaam