Programu "imekataa" kuandika, au "imenyimwa" ruhusa?

Msomaji anatafsiri ule ujumbe unaotokea pale programu inapotaka kuseivu faili ndani ya folda ya mfumo, mfano Program Files kwenye Windows au /etc kwenye Linux, halafu inazuiwa. Anauliza aandike "programu imekataa kuandika kwenye folda", "imekataliwa" au "imekatazwa", maana wenzake kila mtu ana lake.

"Imekataa" itoe kabisa. Ukisema imekataa ina maana programu yenyewe ndo imegoma, umeiambia iseivu ikasema sitaki, wakati ilitaka vizuri tu, aliyezuia ni mfumo endeshi. Mtumiaji akisoma hivyo ataifuta programu aiweke upya na tatizo litabaki palepale.

"Imekataliwa" si mbaya ila inakataliwa nini hasa? Kinachokataliwa ni ombi, kwahiyo "ombi la kuandika limekataliwa" inasimama, lakini "programu imekataliwa" ni kama vile imeletwa ikarudishwa mlangoni. Na "imekatazwa" inaleta picha ya marufuku iliyowekwa juu ya programu hiyo, kitu ambacho mara nyingi sio, kwa sababu mfumo unaangalia akaunti inayoiendesha, programu ileile ukiifungua kwa ruhusa za msimamizi inaandika bila shida. Mimi ningeandika "Programu imenyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda hii", kunyimwa kunaonyesha kwamba kuna mwenye kutoa na hapa hajatoa.

Wapo wanaokwepa mjadala wote kwa "haiwezi kuandika". Sipendi, inaficha sababu. Diski ikijaa programu haiwezi kuandika, faili likiwa limeshikwa na programu nyingine haiwezi kuandika, sasa mtu ataanza kufuta picha zake apate nafasi kumbe shida ni ruhusa.

Halafu msomaji kauliza pia "kuandikia folda". Hapana jamani, unamwandikia mtu barua, folda huiandikii. Kalamu ya kuandikia sawa, folda ya kuandikia nayo ingepita kwa maana ya mahali pa kuandika, ila kwenye ujumbe wa kosa baki na "kwenye" au "ndani ya". Na kama una nafasi eleza zaidi kidogo, maana kwenye Linux ruhusa ya kuandika kwenye folda ndo inayokuwezesha kuongeza, kufuta na kubadili majina ya mafaili yaliyomo, sio kugusa maandishi ya ndani ya faili, hiyo ni ruhusa ya faili lenyewe.

Kuna sehemu moja ambapo hata "imenyimwa" haifai. Tangu Windows Vista, programu za zamani zikijaribu kuandika ndani ya Program Files mfumo unaweza kuzihamishia faili kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore ya mtumiaji husika, programu inaamini imeandika pale ilipotaka na haipati kosa lolote. Hapo hakuna aliyenyimwa kitu, andika "faili limehifadhiwa kwingine" na utaje ni wapi, la sivyo mtu atalitafuta Program Files mpaka achoke.